Injini Kwanza, Ruhusa Baadaye

Silvesta Makokha alikuwa hodari wa kulala kanisani. Wimbo wa pili ukianza tu, kidevu kinashuka, na mimi niliyekaa kando yake ndiye wa kumkanyaga mguu, kila mchungaji alipogeukia upande wetu. Wengine walicheka. Mimi sikucheka, maana ningepata bega la kuegemea ningelala pia. Doha ibada yetu ni Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku uchovu wa wiki nzima unapokuja kudai kwa mara moja.

Naitwa Kwamboka. Ni nesi katika kliniki ya watu binafsi, na wakati huo nilikaa mtaa wa Al Mansoura, fleti ya vyumba viwili, wanawake watano. Silvesta nilimjua hapo kanisani mwaka 2010. Alikuwa mtu wa Mumias, amepita hamsini, mrefu, mpole kupita kiasi. Nasema kupita kiasi kwa sababu upole wake ulikuwa ukiniudhi. Mtu akimkanyaga, yeye ndiye anayesema pole. Tulimwita Baba Velma, kwa jina la binti yake wa kwanza, naye aliniita Sista kama wagonjwa wangu, ingawa kwa umri angeweza kunizaa.

Nyumbani alikuwa fundi wa magari. Alimaliza miaka ishirini na miwili chini ya matrekta na malori ya miwa, mpaka kazi ya miwa ilipolegea naye akaingia kwenye mikono ya ajenti. Ajenti alimwambia anakwenda kufungua injini Ghuba. Viza ilipotoka ilikuwa imeandikwa mkulima. Akaja hivyo hivyo. Mwajiri wake alikuwa polisi mstaafu wa Al Wakrah, mji wa pwani kusini mwa Doha, mzee wa miaka sitini na kitu aitwaye Bu Hamad, yaani Baba Hamad, maana Waarabu nao humwita mtu kwa jina la mwanawe. Kwa hiyo Baba Velma alikuwa akimwagilia mitende ya Baba Hamad, akilisha mbuzi wake, akifagia mchanga uliorudi palepale kila asubuhi.

Hakuwa mwajiri mbaya, huyo mzee. Nalisema mapema ili mtu asianze kumchukia bure. Chakula kilikuwepo, chumba kilikuwa na kiyoyozi, na matusi hayakuwepo. Tatizo ni kwamba Bu Hamad hakujua Kiingereza zaidi ya maneno mawili matatu, na Silvesta hakujua Kiarabu zaidi ya kile cha wafanyakazi, cha "mimi taka" na "wewe kwenda". Kwa miaka minne hawakuwahi kuhitaji zaidi ya hicho.

Mwaka 2011 Silvesta alipewa likizo yake ya kwanza. Hakuiomba. Nyumba ilikuwa na mtu wa makaratasi, wanamwita mandubu, ambaye siku moja alimkuta kwenye nyasi, akamwambia kwa Kiingereza, "Tiketi hii, pasipoti hii, kesho unaondoka." Akaenda Mumias mwezi mmoja, akarudi. Enzi hizo huwezi kutoka Qatar bila mwajiri wako kukutolea kibali cha kutoka, na hata hicho mandubu alikuwa amekishughulikia. Kisha mandubu yule akahama, akaja mwingine asiyemjua Silvesta wala mitende yake.

Mwanzoni mwa 2013 Velma alipiga simu kwamba anaolewa. Mchumba wake ni Wesley, mwalimu mwenzake katika shule anakofundisha. Tarehe ilikuwa Jumamosi ya tarehe ishirini na nne Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Jambo moja alilisema wazi, na Silvesta alilirudia kwetu hadi tukalikariri: atakayemshika mkono kumwingiza kanisani ni baba yake. Si mjomba, si ami, si mzee wa kanisa. Baba yake. Silvesta aliondoka nyumbani msichana akiwa kidato cha nne. Alikuwa amekosa kila kitu kilichofuata, mahafali, kuugua, kazi ya kwanza, na hili hakutaka kulikosa. Hakuwa mtu wa kutaka vitu. Hiki alikitaka, na ukimwangalia ulikuwa unaona.

Sasa gari.

Nyuma ya nyumba ya Bu Hamad, chini ya kivuli cha mabati, kulikuwa na gari limefunikwa turubai miaka na miaka. Silvesta alifagia kando yake bila kuuliza. Siku moja ya Machi pampu ya maji ya bustani ilikwama, akaifungua mwenyewe na bisibisi ya jikoni, akaisafisha, ikapiga maji. Bu Hamad alisimama akatazama mikono ile muda mrefu. Kisha akamshika mkono, akampeleka kwenye kivuli, akavuta turubai. Ilikuwa Datsun ya milango miwili, ya mwaka 1974, ile yenye pua ndefu iliyowahi kukimbia mbio za Safari kwetu Kenya, rangi ya chungwa iliyofifia. Bu Hamad aliinunua akiwa kijana. Injini yake ilikuwa imeganda kabisa. Hewa ya chumvi ya Wakrah ilikuwa imekula hadi ndani ya silinda.

Kando, juu ya mbao, ilikaa injini nyingine. Ya Patrol, gari kubwa la jangwani. Mpwa wa Bu Hamad alibiringisha Patrol hiyo kwenye vilima vya mchanga, bodi ikapondeka, injini ikabaki nzima. Mzee alikuwa ameiweka kwa muda mrefu akingoja mtu. Akainyooshea kidole injini, akainyooshea Datsun, akavikutanisha viganja vyake viwili. Hilo halikuhitaji Kiarabu.

Silvesta alizunguka gari mara mbili. Aliniambia baadaye kwamba moyo wake ulifurahi kwa namna iliyomtia aibu, mtu mzima. Na akiwa na furaha hiyo, hapo hapo kando ya gari, akapata ujasiri wa kuomba alichokuwa akikiogopa kwa wiki tatu. Ijumaa iliyofuata alitusimulia kwenye fleti, kikombe cha chai mkononi, na siku hiyo hakusinzia.

"Nikamwambia, Baba, ana yabgha rukhsa. Mimi nataka ruhusa. Mzee akaangalia gari, akaniangalia, akacheka. Akasema, makina awal, baadeni rukhsa. Injini kwanza, ruhusa baadaye."

"Amekubali kabisa?" niliuliza.

"Kabisa. Akanipiga bega. Sista, hii Kiarabu watu wanaogopa bure. Ni Kiswahili tu imevaa kanzu. Unakwaruza koo kidogo, basi."

Tulimpongeza. Phyllis, mmoja wa wanawake niliokaa nao, alimwongezea chai. Machi hadi Agosti ni miezi mitano, na kubadilisha injini, alisema, hata akifanya peke yake baada ya kazi za bustani, ni miezi mitatu. Tukamwamini. Yeye ndiye fundi.

Hakuanza kwa kufungua chochote. Alichukua mbao za masanduku ya matunda, akapima injini ya Patrol urefu, upana na kimo, kila pembe na kila pua, akaunda injini ya mbao. Ndivyo walivyofanya Mumias walipokuwa wanaweka injini ya lori kwenye trekta. Injini ya chuma inahitaji mnyororo na watu wanne, ya mbao unaishusha na mikono yako mwenyewe, unaona inapogusa, unaitoa, unafikiri. Bu Hamad alipoliona lile sanduku likikaa mahali pa injini alimwita mke wake aje kutazama. Walidhani mkulima wao amechanganyikiwa.

Sanduku lilimwambia ukweli, na ukweli ulikuwa mbaya. Injini ya Patrol ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, nzito kuliko ya kwanza, na kimo chake kilikuwa cha gari linalopanda milima. Tumbo la chini linaloshika oili, sampu, lilikalia chuma kinachoshika magurudumu ya mbele. Kwa hiyo ilibidi sampu ikatwe, kina chake kihamishwe nyuma, ichomelewe upya. Rejeta ilibidi isogezwe mbele. Giaboksi haikuingia mpaka njia yake ipanuliwe kwa nyundo. Shafti ya kwenda nyuma ilibidi ikatwe kwa mashine, huko Sanaya kwenye magereji, na Silvesta hakuweza kwenda Sanaya mpaka apatikane mtu wa kumpeleka. Nayaeleza haya kwa sababu nimeyasikia kila Ijumaa kwa miezi tisa. Ningeamshwa usingizini ningeweza kuyataja kwa mpangilio.

Halafu likaja joto. Juni na Julai kule huwezi kushika spana iliyolala juani, inakuchubua. Alifanya kazi kuanzia alfajiri hadi saa tatu, kisha akahamia kwenye mbuzi. Ramadhani ikaingia Julai, na Bu Hamad, ambaye alipenda kukaa kwenye kiti akitazama, hakuwa na nguvu ya kukaa nje, wala hakutaka kazi ifanyike bila yeye. Mwezi mzima gari lilikaa. Silvesta angeweza kumwambia, "Mzee, mimi nina tarehe." Nilimwambia aseme. Nilimwambia kwa hasira, nakumbuka.

"Nimeshaomba, Sista. Amesema injini kwanza. Nikimsumbua tena ataona sina shukrani."

"Umemwambia ni harusi ya mtoto?"

"Ruhusa ni ruhusa. Atauliza ya nini? Hajauliza."

Kila mara alipokutana na mzee alirudia neno lile moja, kwa adabu, kama kuuliza hali. Baba, rukhsa? Na mzee kila mara, kwa furaha ileile: makina awal. Agosti ikafika injini ikiwa bado inaning'inia kwenye mnyororo. Velma akasogeza harusi mpaka Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Watu wa kwao Wesley hawakufurahi. Ijumaa ya habari hizo Silvesta alitoka kanisani kabla ya baraka, akakaa kwenye ukingo wa maegesho peke yake. Nilimfuata nikakaa naye.

Septemba mandubu mpya alimchukua kwa gari akampeleka kupimwa macho. Alisoma herufi ubaoni, jicho moja moja, akapewa karatasi. Ijumaa aliniuliza mimi, kwa kuwa ni mtu wa hospitali.

"Sista, mtu akienda likizo wanampima macho ya nini?"

Nilikuwa nimetoka zamu ya saa kumi na mbili. Nilikuwa navua soksi. Nikamjibu, "Nchi hii wanapima kila kitu, Baba Velma. Wewe wape wanachotaka." Na yeye akaridhika, kwa sababu aliamini nesi anajua. Kwake kilikuwa kitu kizuri, kwamba makaratasi yameanza kutembea. Hata alimpigia Velma kumwambia.

Oktoba aliukata mkono na ukingo wa ile sampu. Hakuniambia, Phyllis ndiye aliyeniambia, nikachukua teksi Ijumaa hiyo baada ya ibada nikaenda Wakrah na bandeji zangu. Ndiyo mara pekee niliyoiona Datsun. Injini ilikuwa tayari imeketi ndani, chuma kijivu kikubwa kwenye tundu dogo, na kila nafasi iliyobaki ilikuwa imepimwa. Mimi sijui magari, lakini najua mshono mzuri. Mshono wa ile sampu ulikuwa mzuri kuliko baadhi ya mishono ninayoiona kazini.

Bu Hamad alikuwa kwenye kiti chake, thermosi ya kahawa miguuni. Alinikaribisha, akaniagizia tende, akakaa akitazama nikisafisha kidonda. Kisha akamnyooshea Silvesta kidole, akaniambia polepole ili nisipotee, "Silvesta zen. Halas makina, rukhsa. Inshallah." Silvesta ni mtu mzuri, injini ikiisha, rukhsa.

Nikasema inshallah. Nilikula tende, nikanywa kahawa, nikarudi Al Mansoura nikalala saa kumi na moja mfululizo. Neno lenyewe lilitoka mdomoni mwa mwenye kulitoa, mbele yangu, mchana, nami nikalipokea na tende.

Novemba boneti ilikataa kufunga. Vidole viwili tu. Injini ilikuwa imekaa vidole viwili juu kuliko boneti ilivyotaka. Dawa yake ni rahisi, watu wote wa kazi hiyo wanaijua: unakata tundu kwenye boneti, unachomelea kofia ya bati juu yake, siku mbili kazi imeisha. Silvesta alichora tundu hilo kwa chaki. Bu Hamad alipoiona chaki aliinuka kwenye kiti, akaifuta kwa kiganja chake, akatingisha kichwa. Ile pua isiguswe. Ndiyo iliyomfanya alinunue gari akiwa kijana.

Njia nyingine ilikuwa kuishusha injini yenyewe. Itolewe tena yote, giaboksi na shafti na nyaya, vishikio vyake vikatwe viundwe upya, sampu ipunguzwe tena kina. Wiki tatu. Harusi ilikuwa baada ya siku kumi na tisa.

Hapo ndipo nilipotaka kumtikisa. Kata boneti, nilimwambia kwenye simu. Kata, mzee atazoea. Akasema hawezi kukata gari la mtu aliyesema lisikatwe, na kwamba mzee akikasirika atapoteza na ruhusa yenyewe. Jioni hiyo alimpigia Velma. Alimwambia aendelee, ashikwe mkono na ami yake Henry. Velma alilia, akamwambia wanaweza kusogeza tena. Silvesta akakataa. Alimwambia mtu hawezi kuolewa kwa tarehe ya injini.

Siku ya harusi nilikuwa kazini. Picha zilikuja kwenye simu yake naye akanirushia mimi, moja baada ya nyingine, bila maneno. Henry alikuwa amevaa suti ya Silvesta, ile aliyoiacha kabatini mwaka 2011. Ilimzidi mikononi. Nilijifungia chooni mwa kliniki nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kupima watu presha. Yeye, alivyoniambia, alishinda chini ya gari akichonga kishikio cha kushoto.

Injini iliwaka Jumatano ya tarehe kumi na moja Desemba, siku kumi na moja baada ya harusi. Ilikohoa mara tatu, ikashika, ikatulia. Boneti ilifunga kwa kubonyezwa na kiganja kimoja. Bu Hamad aliweka mkono juu yake akausikia mtetemo, na machozi yakamtoka, hakuyaficha. Akaingia ndani akatoka na bahasha aliyokuwa ameiandaa. Akampa kwa mikono miwili. "Rukhsa," akasema.

Ijumaa Silvesta hakuja kanisani. Alikuja moja kwa moja Al Mansoura, akatukuta tunaandaa chakula, akaniomba niisome barua ile kwa sauti. Alikuwa ameshaisoma mwenyewe. Nusu moja ilikuwa Kiarabu, nusu nyingine Kiingereza. Ilisema kwamba mwajiri hana pingamizi. Hapo, aliniambia, alipoisoma mara ya kwanza, ndipo alipoona nyumba yake ya Mumias na mlango wake. Kisha akaendelea kusoma. Mwajiri hana pingamizi mfanyakazi wake Silvesta Makokha apate leseni ya kuendesha gari, na kazi yake ibadilishwe kutoka mkulima kuwa dereva wa familia. Nyuma yake kulikuwa na karatasi ya macho, na nyingine ya shule ya udereva. Masomo kuanza Jumapili, saa kumi na moja asubuhi.

"Soma tena," akasema.

Sikusoma tena. Nilikuwa nimeketi, na yote yalikuwa yakinirudia kwa pamoja, macho, tende, neno. Kwa Waarabu hao rukhsa ni leseni. Mkulima alisimama kando ya gari, akasema anataka leseni, na mzee akaona ni haki, mtu anayelifufua gari atamani kuliendesha. Injini kwanza, leseni baadaye. Miezi tisa wale watu wawili walikuwa wakikubaliana kwa furaha juu ya vitu viwili. Angesema idhini, ambalo nalo ni neno letu, pengine angeeleweka. Na likizo wanaiita ijaza. Hilo nalijua. Nalisikia mara thelathini kwa siku, kila mgonjwa anayeingia anataka nimwombee daktari ijaza ya siku mbili. Nililijua tangu mwaka wangu wa kwanza, na katika Ijumaa zote zile sikumuuliza Silvesta ametumia neno gani, kwa sababu sisi tulikuwa tunaongea Kiswahili na kwa Kiswahili alikuwa sahihi.

Nilimwambia. Sikumficha, hata la macho na la tende. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti.

"Pole, Sista," akasema. Mimi ndiye niliyepewa pole. Nilitaka kumrushia sufuria.

"Nipe simu yako," nikamwambia. "Nampigia mimi."

"Ya nini sasa?"

"Baba Velma, nipe simu."

Nikaiweka kwenye meza, sauti ikiwa juu, ili asikie. Bu Hamad alipokea akiwa na furaha, alidhani ni Silvesta anayeshukuru. Nikajitambulisha, mimi nesi wa bandeji. Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha kliniki, ambacho hakina sarufi. Silvesta hakutaka leseni. Silvesta alitaka ijaza. Ana binti, bint, na bint ameolewa, arusi, wiki mbili zimepita. Baba hakuwepo.

Upande wa pili nikasikia mbuzi. Mzee aliuliza tena, bint? Nikasema ndiyo, wa kwanza. Akauliza ni tangu lini Silvesta anajua habari za arusi. Nikamwambia tangu kabla ya injini.

Akaanza kusema haraka, kwa sauti iliyopanda, na sikupata kitu. Hakuwa na hasira na sisi, hilo nilisikia. Alikuwa kama mtu anayegombana na nafsi yake. Kisha akakumbuka anaongea na mgeni, akatulia, akarudia taratibu, kwa Kiarabu kile cha wafanyakazi, neno moja moja. Alhamisi Silvesta aende, mwezi mmoja, miwili, apendavyo, kibali cha kutoka atakitoa kesho. Na leishi, kwa nini, hakusema? Angesema tu. Hata Ramadhan, safar, mafi mushkila, hakuna shida. Gari, akasema, gari lilikuwa limekaa miaka ishirini. Gari lina sabr.

Akakata simu. Phyllis alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Nikamgeukia Silvesta nikiwa nimeshaamua nitakachomwambia na nitakachokiacha.

"Anasema utaenda Alhamisi," nikaanza. "Anasema pole sana, anasema..."

"Wacha, Sista," Silvesta akasema. "Ramadhani nimesikia. Safari nimesikia. Na subira nimesikia. Hiyo usinitafsirie."